Kucheza Njia kwa Redio ya Misheni

Wajukuu wangu wawili wanagombana sebuleni tangu waamke. Kila mmoja ana kompyuta yake mapajani, na kwenye kompyuta hizo wanacheza mchezo na vijana wengine walio huko na huko, wengine katika nchi nisizozijua. Ndani ya mchezo mmoja ni shujaa wa upanga, mwingine ni mchawi, na kuna kijana wa tatu, hajawahi kutia mguu nyumbani kwangu, ndiye anayewaongoza na kuwaambia wamefika wapi na wamekutana na nini. Ugomvi wenyewe ni kwamba wachezee kwenye mtandao upi. Huyu anasema wa kwake una ramani nzuri, kila mtu anaiona ileile. Yule anasema ramani si kitu, la maana ni kete, na kete za huko kwake zinaviringika mbele ya macho ya wote, hakuna wa kudanganya. Huyu anamrudishia kwamba huko kwake sauti inakatikakatika. Nilipouliza wanabishania nini wakaniambia, "Bibi, wewe huwezi kuelewa."

Nisielewe! Mimi hayohayo nimeyabishania kabla mama yao hajazaliwa, ramani, kete na sauti, na ubishi huo ulinigharimu kaka yangu. Sikuwaambia. Nilikwenda jikoni nikaosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa.

Baba yangu alikuwa dereva wa malori ya mizigo, barabara ya Zambia, wakati lami haijafika kote. Lori lilimshinda kwenye mlima wa Kitonga, likabingirika. Yeye akavunjika nyonga. Tandiboi wake, msaidizi wa lori, kijana aliyemfundisha kazi na kumpenda kama mwanawe, alikufa palepale. Lakini baba hakuambiwa. Wiki kwa wiki alilala hospitali akimuulizia, na kila aliyekuja alimjibu kwamba kijana yuko wodi nyingine, anaendelea vizuri, anakusalimu sana. Siku alipoambiwa ukweli, kaburi lilikwisha kuota majani. Baba aliwachukia watu wote wa siku zile, wauguzi, ndugu, mpaka mchungaji, na alisema hivyo wazi, mezani, watu wakila.

Alirudi nyumbani kwetu, milimani juu ya Mbeya, mguu mmoja mfupi. Kwenda hawezi, kulima pareto na mama hawezi, kukaa kimya ndiyo kabisa. Basi akatuletea safari ndani. Alichora kwa chokaa kwenye sakafu ya jikoni: hapa mto, hapa mbuga ya Usangu, hapa mlima, hapa soko. Mchezo akauita Njia. Yeye mwenyewe ndiye mwenye njia; hakuwa na mtu mchezoni, kazi yake ilikuwa kutuambia mbele kuna nini. Sisi wengine kila mmoja alikuwa mtu. Kaka alikuwa mchungaji anayehamisha ng'ombe kutoka kaskazini. Mama alikuwa muuza chumvi. Mimi nilijichagulia mhunzi, maana nilipenda kupiga vitu kwa nyundo na mchezoni hakuna wa kunigombeza.

Baba alikuwa anasema, "Mto umefurika. Mnafanyaje?" Tunabishana mpaka ugali unapoa, tunaamua, halafu tunatupa punje za mahindi zilizochomwa upande mmoja. Zikilala nyeupe nyingi, mmevuka. Nyeusi nyingi, kuna kitu kimeharibika. Zikilala nyeusi zote, aliyetupa amekufa.

Na baba hakuremba. "Amekufa," alisema, kwa sauti ya mtu anayeita watu chakula. "Mfukieni, gawaneni mzigo wake, twende." Huku kwetu hivyo havisemwi. Huku kwetu mtu hafi, hasa kwa ndugu aliye mbali. Mtu anazidiwa. Mtu hali yake si nzuri sana, jitahidi uje umwone, lakini usiwe na wasiwasi. Na wewe uliyeambiwa usiwe na wasiwasi unafunga mzigo, unapanda basi, unajua kabisa unakwenda kuzika. Mama alipomlalamikia baba kwamba anatufundisha ukatili, baba alimjibu, "Kwenye Njia hakuna mgonjwa, mama watoto. Kuna mzima na kuna maiti. Nimechoka kudanganywa."

Kaka alikuwa kijana mkubwa tayari. Alipata kibarua kwenye reli mpya, akalala kwenye mahema ya baridi, akaanza kukohoa, akaficha. Mama alimwambia mficha maradhi kifo humuumbua, naye akacheka, akasema ni vumbi tu la kokoto. Ilipotoka damu ndipo alipokubali. Alipelekwa hospitali ya misheni mbele ya Iringa, wodi ya kifua kikuu, akalazwa.

Daktari wa pale alizungumza na mama bila kumung'unya. Sindano kila siku, vidonge kila siku, na hatoki kitandani mpaka yeye daktari aseme. Akikatisha katikati, ugonjwa unarudi na hasira, na dawa hizi hazitamfaa tena. Wengi wanatoroka, akasema. Wanajisikia vizuri kidogo, wanakumbuka wake zao na mashamba yao, wanaondoka alfajiri. "Hao ndio tunaosikia habari zao baadaye," akamalizia.

Haikupita muda dereva mmoja akatuletea ujumbe wa kaka: nakuja nyumbani, hapa watu wanakufa kwa kukaa bure kuliko kwa kifua. Mama alikaa chini palepale uani. Baba alizunguka na fimbo yake, ta, ta, ta, halafu akasema, "Mtu aliye katikati ya safari hashuki. Tutamweka njiani." Nilifikiri amepata wazimu. Lakini alikuwa anamaanisha Njia, ule mchezo, na tangu siku hiyo shida yetu ikawa moja: watu waliotenganishwa na milima yote ile watachezaje pamoja?

Tulianza na madereva. Baba alimweleza dereva rafiki yake hali ya safari, dereva akifika Iringa anakwenda mpaka dirishani kwa kaka, anamweleza, kaka anatupa punje mbele yake, jibu linarudi na lori. Uzuri wake ni kwamba kete zilikuwa na shahidi. Na mama aliipenda njia hii kuliko zote, maana dereva angemwambia na mengine: kanenepa, kanyoa ndevu, kaniomba sigara nikamnyima. Ubaya ulikuwa mdomo wa dereva. Kulikuwa na mmoja, mlevi wa pombe ya ulanzi huyo, alifika Iringa akaona habari aliyopewa haina chumvi. Akamwambia kaka simba wamevamia zizi, wamekula ndama. Simba gani? Hakuna aliyetaja simba! Kaka akatuma jibu kwamba anawinda simba, na sisi huku tunamsubiri mtoni. Baba alimfokea yule dereva mbele ya watu kituoni Mbeya: "Wewe ni gari au ni mwenye njia? Nilikwambia ubebe, nilikwambia uzae?" Dereva akacheka tu, akasema mzee, ndama mmoja tu, mbona unakuwa mchoyo.

Tukajaribu posta. Hapo ramani ilikuwa safi. Baba aliichora kwenye karatasi, kaka anayo moja, sisi tunayo moja, mlima ni uleule. Lakini barua ilichukua muda mpaka ikifika tumesahau tuliuliza nini. Na kete zilikuwa za nani? Kaka aliandika kila mara zimelala nyeupe, nyeupe tupu, mto hauna maji, chui amelala. Nilikasirika nikasema anatuibia. Baba akasema mtu aliyelala kitandani akijipa nyeupe mwacheni. "Basi na mimi najipa!" nikamwambia. Mama alinitazama, nikajua nimevuka mpaka, lakini baba aliniunga mkono baada ya kufikiri. Alimwandikia kaka: kete ya mbali ni ya imani. Ukidanganya mara moja hakuna njia tena, kuna hadithi tu. Na sisi huku tutasema tulichokiona, hata kikiwa kibaya. Kaka alijibu kwa neno moja, sawa, na tangu hapo nyeusi zikaanza kumwangukia kama wengine.

Halafu mwalimu wa shule ya hapo kijijini akatuazima kinasa sauti chake cha kaseti. Hii ndiyo niliyoipenda mimi. Baba alikaa jikoni akasimulia mto, ng'ombe wakikoroma, mhunzi akipiga nyundo, na mimi kweli nikapiga sufuria kwa mwiko. Kaka alisikiliza kaseti ile na wodi nzima. Iliporudi, upande wa pili wagonjwa wote walikuwa wamejirekodi: wanacheka, wanakohoa, mmoja anatusalimu kwa Kihehe, "Kamwene, mwenye njia, na sisi tutafutie watu humo ndani, tumekaa bure." Mama aliisikiliza kaseti hiyo mpaka ikaanza kuburuza. Lakini ukisema kitu kwenye kaseti hakuna wa kukujibu, unazungumza na ukuta. Na betri! Miaka ile betri zilikuwa adimu dukani, ukizipata unazianika juani zirudie nguvu, unazing'ata. Zilikufa, na mwalimu akachukua kinasa chake.

Ikabaki redio ya upepo. Zahanati ya misheni hapo kwetu ilikuwa nayo, na hospitali ya kaka ilikuwa nayo, na vituo vingine vya misheni njia nzima. Kila siku mchana waliitana: sisi tumeishiwa hiki, nyie mna kile, gari linakuja lini. Sista aliyesimamia zahanati alikuwa mwanamke mkali, mwenyeji wa Rungwe, mtu wa sala na wa sabuni. Baba alikwenda kumwomba kila wiki, kwa mguu ule, mpaka akakubali: shughuli zikiisha, dakika chache, mara moja kwa wiki. Akatoa masharti. Hakuna matusi. Hakuna siasa. Na hakuna kutaja kifo. "Vituo vyote vinasikia, mzee," alisema. "Kuna watu wana wagonjwa wao kule. Sitaki mama wa mtu aanze kulia huko Chimala kwa sababu ya mchezo wako." Baba akakubali, maana angekubali lolote.

Jamani, redio ile! Ilikuwa inapiga mluzi, inanguruma, lakini sauti ilikuwa ya kaka mwenyewe, sasa hivi, hai. "Mwenye njia, nakupata, ova." Baba akauliza, kaka akajibu, hapohapo. Punje tulizitupa kwenye sahani ya bati karibu na kipaza sauti. Kaka hakuziona, alizisikia tu zikilia, na yeye huko alitupa kwenye bakuli la hospitali tukazisikia. Nani alisema zimelalaje? Aliyetupa. Na hakuna aliyedanganya. Ramani haikuwepo kabisa, ilikuwa kichwani, na nilishangaa kwamba hatukupotea. Ubaya wake ni kwamba ukizungumza huyu, yule hawezi kukukatiza. Lazima useme mpaka mwisho, umalizie na ova, uachie kitufe, usubiri. Ukikosea neno, limekwisha kwenda.

Wagonjwa walijazana dirishani kwa kaka. Baba akawapa watu wa kucheza. Mmoja aliyependa habari hizi kuliko wote alikuwa mfugaji, mmoja wa wale waliohamia mbuga za Usangu na ng'ombe zao kutoka kaskazini, mtu mzima, sauti nzito. Alimsahihisha baba kuhusu ng'ombe mpaka baba akawa anamuuliza kwanza. Sista alipokea salamu kutoka kwa daktari wa kule: tangu mchezo uanze hakuna aliyetoroka kwenye wodi ile. Wanasubiri siku ya redio. Baba aliposikia hivyo alitoka nje ya zahanati, akasimama ameegemea ukuta, akalia. Sikuwahi kumwona akilia kwa furaha kabla ya hapo.

Mama hakuja redioni hata mara moja. Alisema hawezi kuzungumza na mwanawe kwa kumaliza na ova kama askari. Alitupa punje zake nyumbani, jikoni, akamwambia baba matokeo, baba akayapeleka.

Siku moja ya masika, asubuhi, msafara ukiwa unavuka Mto Ruaha mchezoni, mama alitupa. Zikalala nyeusi zote. Akazitazama, akasema, "Haya, muuza chumvi nimekwenda na maji." Akainuka akaendelea kupepeta mchele. Nilimwambia baba atupe tena, nani atajua? Baba akanikatia jicho. Aliahidi kusema kilichoonekana, na kaka yuko huko anasema kilichoonekana.

Tulikwenda zahanati, mvua inanyesha. Nilibeba sahani. Baba alikuwa na mafua, sauti imekauka. Walipomaliza mambo ya dawa, Sista akamwachia kiti. Wagonjwa wa kule wakasalimu, mfugaji akasalimu, kaka akasema, "Tupo mtoni, mwenye njia. Vipi muuza chumvi, kavuka? Ova."

Baba akabonyeza kitufe. "Muuza chumvi ame—" Na Sista, aliyekuwa anakunja bandeji pembeni, akainua kidole. Si kwa ubaya. Aliinua tu kidole kimoja, kama unavyomkumbusha mtoto kanisani. Baba akamwona. Kitufe bado kimebonyezwa, vituo vyote vinasikiliza. Akasema, "Muuza chumvi hali yake si nzuri sana. Amezidiwa kidogo. Lakini usiwe na wasiwasi, mwanangu. Wewe tulia, maliza dawa. Ova."

Mluzi wa redio tu. Halafu kaka akasema taratibu, "Nimekupata, baba. Ova." Si mwenye njia. Baba. Mfugaji akauliza kuhusu ng'ombe, baba akamjibu, muda ukaisha.

Nimeirudia dakika ile maisha yangu yote, na kila nikiirudia nataka kumpiga mtu na simjui ni nani. Fikiria uko kwenye kitanda kile. Baba yako, aliyeapa hatatumia maneno yale kamwe, aliyekufundisha kwa punje kwamba kuna mzima na kuna maiti, leo sauti imekauka, amekatisha neno, anakwambia mtu wa mama yako amezidiwa kidogo na usiwe na wasiwasi. Ungefikiri nini? Mtu wa pwani labda angefikiri ni mchezo. Sisi tulilelewa na maneno hayo. Kaka alielewa alichoelewa mtu yeyote wa milima ile: mama amekufa, wanamficha, wanataka amalize dawa, watamzika bila yeye.

Aliondoka alfajiri. Mlinzi na mfugaji walimwona. Mfugaji alimshika mkono mlangoni, baadaye alimwambia baba redioni, akamwambia subiri siku ya redio umuulize. Kaka akamwambia, "Wewe ungesubiri?" Mfugaji akamwachia.

Lori alilopanda lilimshusha Igawa, gari limeharibika, mvua inanyesha. Alikaa barazani kwa watu na nguo mbichi. Pale Igawa akamwomba kinyozi wa kando ya barabara amnyoe kichwa chote, kama mfiwa. Kinyozi akamuuliza nani kafa, akasema mama. Kinyozi hakutaka malipo.

Tulimsikia kabla hatujamwona. Alikuwa anapanda kilima kutoka barabarani huku analia kwa sauti, kilio chetu kile cha kutangulia kufika, anachofanya mtu anayekuja msibani ili waliomo ndani wajue amefika. Majirani wakatoka. Wakatazamana, nani kafa kwa wale? Baba alisimama mlangoni kashika fimbo, hasogei. Na mama akatoka jikoni, mikono imejaa unga mpaka kwenye viwiko, anauliza kuna nini, nani analia.

Kaka alikuwa ameshika mti wa ua. Kichwa kinang'aa, mvua inamtiririka. Akamwona mama. Akafunga mdomo. Akamtazama baba, akanitazama mimi, akamtazama tena mama, akauliza, "Nani, basi?"

Akauliza tena kwa hasira, "Niambieni ni nani!" Baba akasema, "Hakuna, mwanangu. Ni muuza chumvi." Kaka akaanza kucheka. Alicheka ameinama, ameshika magoti, na kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi kile sitaki kukieleza.

Mama alimfuta kichwa na kanga yake. Kuliliwa ukiwa hai, mtu kunyoa nywele kwa ajili yako ukiwa unasonga ugali, si jambo dogo huku kwetu. Majirani walikwisha kunong'ona: lisemwalo lipo, kama halipo linakuja. Kesho yake baba alitafuta gari la kumrudisha Iringa. Mama akasimama mlangoni. "Mwanangu amenililia," alisema. "Hatoki ndani kwangu mpaka nijue Mungu ametaka nini kwa jambo hili." Baba alimsihi, Sista alikuja akamsihi, akalia hata yeye, akasema ni kidole changu, dada, nisamehe. Mama akamwambia, "Kidole hakina kosa, Sista. Kunywa chai." Lakini mlangoni hakutoka. Alidhani kifo kinamtafuta yeye, na alitaka mwanawe awe karibu kikija. Kilikuja. Mama siye aliyekuwa anatafutwa.

Kaka alikaa nasi siku hizo bila sindano. Alikuwa mchangamfu, hilo ndilo linaloniuma. Alikaa jikoni kwenye jiwe karibu na moto, akamtania mama, "Marehemu, hebu niongezee maharage." Mama alimpiga na mwiko, wakacheka. Nilifikiri labda daktari yule alituongopea kututisha. Halafu damu ikaja, nyingi, tukampeleka Mbeya mjini na gari la misheni, na kule wakatuambia mapafu yamekwisha. Alikufa mvua hazijakatika. Nasema alikufa. Sisemi kingine.

Siku ya redio iliyofuata baba aliniambia nimsindikize. Sikujua anakwenda kufanya nini. Sista alimwachia kiti, akatoka nje kabisa. Baba akabonyeza kitufe akasema jina la kaka, jina lake la ubatizo na la ukoo, akasema, "Amekufa. Tumemzika. Ova." Kutoka upande wa Iringa tulisikia watu wanalia, wanaume wazima wenye vifua vibovu, wanalia na kukohoa. Mfugaji akashika kipaza sauti. Alitoa pole kwa muda mrefu, kwa heshima, kwa Kiswahili chake kizito. Kisha akasema, "Mzee. Kuna vijana hapa wamefunga mizigo tangu juzi. Wanasema hakuna cha kusubiri. Nisamehe kukuuliza leo. Tusimame hapa, au tuendelee?"

Baba aliinamisha kichwa kwenye meza. Nilitamani amtukane. Nilitamani aing'oe redio ile aitupe bondeni, na nilikuwa tayari kumsaidia. Akainua kichwa, akajifuta uso na kiganja, akabonyeza kitufe. "Mmefika wapi?" akauliza.

Akaendelea nao. Kila wiki, jua na mvua, mpaka wote waliokuwa dirishani walipomaliza dawa zao. Nilimsindikiza, maana mguu ule peke yake usingemfikisha, lakini nilikaa nje na Sista na sikutaka kusikia. Niliwachukia watu wale. Nasema wazi, niliwachukia kwa kupona.

Mwaka uliofuata, mchana wa kiangazi, mtu mrefu alifika uani kwetu na samli kwenye kibuyu na gunia la mchele wa Chimala begani. Sikumjua uso. Alipotoa salamu tu nikaijua sauti. Baba hakuwepo, alikuwa zahanati, redioni, na wagonjwa wengine wapya wa kule. Mama akamkaribisha ndani, akamwekea kigoda, akasonga ugali. Mfugaji alikuwa amenenepa, mashavu yanang'aa, alijaza mlango mzima. Hakujua aangalie wapi. Alisema alimshika mkono kijana mlangoni, mama, nilimshika kweli. Mama akasema najua, baba, waliniambia.

Akamletea maji ya kunawa. Alipokuwa anamimina, akasimamisha birika.

"Hebu kohoa," alimwambia.

Yule mtu mzima akamtazama. "Sina kikohozi, mama. Nimepona."

"Kohoa nisikie."

Akakohoa. Kilikuwa kikohozi kikavu, cha kujilazimisha, cha mtu asiye na kitu kifuani. Mama alisikiliza ameinamisha kichwa upande mmoja, birika mkononi. Akamwambia akohoe tena, akakohoa tena, na machozi yalikuwa yanamtoka mgeni, si mama.

"Haya," mama alisema, akamalizia kummiminia maji. "Kula."